Idadi Isiyo na Majina: Mauaji ya Raia Kaskazini mwa Mto Kagera, 1978, na Lugha ya Kukumbuka Vita

Ikisiri

Makala hii inachunguza jinsi Kiswahili cha Tanzania kilivyotaja, na jinsi kilivyoacha kutaja, mauaji ya raia yaliyofanywa na jeshi la Uganda kaskazini mwa mto Kagera mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 1978. Vita vilivyofuata vimeacha msamiati mpana, hotuba mashuhuri, tenzi na vitabu. Hata hivyo, raia waliouawa wamebaki kuwa idadi, na idadi yenyewe ni ya kukadiria. Makala inadai kwamba hali hiyo haikutokana na uhaba wa habari peke yake. Ilichangiwa pia na uteuzi wa maneno na miundo ya sarufi iliyoelekeza kosa lote kwa mtu mmoja, na kwa utaratibu wa fasihi ya vita unaowataja mashujaa kwa majina na wahanga kwa jumla. Aidha, makala inaonyesha kwamba Kiswahili kilikuwa lugha ya majeshi yote mawili, jambo linalowapa wanazuoni wa lugha hii wajibu wa pekee katika kuihifadhi kumbukumbu hiyo.

1.0 Utangulizi

Tangu Uhuru, Tanzania Bara haijapata tukio jingine ambalo jeshi la nchi ya kigeni limewaua raia wake wengi kiasi cha waliouawa Missenyi mwaka 1978. Idadi inayotajwa mara nyingi katika maandishi ya historia ni watu wapatao 1,500. Waliuawa katika eneo lililo kati ya mpaka wa Uganda na mto Kagera, katika muda wa wiki chache, na wengi wao hawakuwa na silaha wala sare ya aina yoyote. Walikuwa wakulima wa migomba na kahawa, wafugaji, wachuuzi wa mpakani, na wafanyakazi wa kiwanda cha sukari.

Msomaji wa Kiswahili anayetaka kujua habari za vita hivyo hakosi pa kuanzia. Mwaka 1980 Baldwin Mzirai alichapisha *Kuzama kwa Idi Amin*. Mwaka 1981 Henry Muhanika alichapisha *Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada*. Hotuba ya Rais Julius Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978 inajulikana hata kwa vijana waliozaliwa miaka mingi baada yake. Lakini msomaji huyohuyo akiuliza ni nani hasa waliouawa, waliitwa nani, walizikwa wapi na kwa lugha gani waliamriwa kutoka majumbani mwao, atapata majibu machache mno. Pengo hilo ndilo linaloshughulikiwa hapa. Swali la msingi si la kihistoria tu. Ni swali la lugha pia: je, ni maneno gani yaliyotumika kuyabeba mauaji hayo, na maneno hayo yaliacha nini nje?

2.0 Mpaka, Mto na Ziwa

Chanzo cha mgogoro wa mpaka huo ni mstari uliochorwa Ulaya. Mapatano ya mwaka 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani yaliweka mpaka wa himaya zao, magharibi mwa Ziwa Viktoria, katika latitudo ya digrii moja kusini mwa Ikweta. Mstari huo haukujali mto wala lugha. Mto Kagera, ambao ungeweza kudhaniwa kuwa mpaka wa asili, ulibaki ndani ya himaya ya Wajerumani kwa sehemu kubwa kabla ya kukatisha mstari huo na kumwaga maji yake ziwani upande wa Uganda. Kwa hiyo kipande cha ardhi cha takriban kilomita za mraba 1,800 kilibaki kaskazini mwa mto lakini kusini mwa mpaka. Wakazi wake walizungumza Kihaya, hasa lahaja ya Kiziba, pamoja na Kiganda na Kinyambo, na walikuwa na ndugu pande zote mbili za mstari.

Idi Amin alipotwaa madaraka kwa mapinduzi Januari 1971, Tanzania ilikataa kuitambua serikali yake na ikampokea Milton Obote. Septemba 1972 wapiganaji waliomuunga mkono Obote walivuka mpaka kutokea Tanzania na wakashindwa. Amin alijibu kwa kutuma ndege za kivita zilizoshambulia Bukoba na Mwanza. Mapatano ya Mogadishu ya Oktoba mwaka huo yalizitaka nchi hizo mbili kuyaondoa majeshi yao karibu na mpaka. Kwa hiyo mwaka 1978 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilikuwa na askari wachache sana katika eneo hilo.

Mwanza haina budi kuingia katika historia hii, ingawa mauaji yalitokea ng'ambo ya ziwa. Mji huo ndio mwisho wa reli inayotoka Tabora, na ndipo askari, chakula na mafuta vilipopitia kuelekea Bukoba, ama kwa meli, ama kwa barabara ndefu inayozunguka kusini mwa ziwa. Kwa sababu hiyo Mwanza nayo ilikuwa shabaha. Machi 1979 ndege ya Libya, nchi iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilitumwa kupiga hifadhi ya mafuta ya mji huo. Ilikosea shabaha na kupiga kisiwa cha Saanane, palipokuwa na hifadhi ya wanyama. Mtumishi mmoja alijeruhiwa, na swala kadhaa pamoja na ndege wa porini wakafa. Habari hiyo imeingia katika vitabu vya vita hivyo pamoja na hesabu ya swala waliokufa, nao walihesabika kwa sababu walikuwa chini ya uangalizi wa watu wenye kazi ya kuwahesabu. Wanakijiji wa Kakunyu au Minziro hawakuwa na mhesabu wa namna hiyo, na jambo hili dogo ni kielelezo cha tatizo zima.

3.0 Siku za Uvamizi

Mashambulizi ya awali yalianza tarehe 9 Oktoba 1978, pale askari wa Uganda walipoingia Kakunyu na kuchoma nyumba. Siku zilizofuata ndege za Uganda zilishambulia Bukoba, na wakazi wengi wa mji huo wakakimbia. Tarehe 30 Oktoba jeshi la Uganda liliingia kwa nguvu zake zote likipitia Mutukula na sehemu nyingine za mpaka, likafika hadi mto Kagera bila kupata upinzani wa maana. Tarehe 1 Novemba Redio Uganda ilitangaza kwamba eneo lote la kaskazini mwa mto limetwaliwa na kuwa sehemu ya Uganda. Tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka lililipuliwa ili kuzuia jeshi la Tanzania lisivuke.

Kulipuliwa kwa daraja kwa kawaida huelezwa kama tukio la kijeshi. Kwa raia lilikuwa na maana nyingine. Waliokuwa bado kaskazini mwa mto walikatiwa njia kuu ya kukimbilia kusini. Walionusurika ni waliokuwa wamevuka mapema, waliopata mitumbwi, na waliojificha katika mashamba na vichaka. Waliobaki walikuwa mikononi mwa askari ambao walikuwa wameachiliwa wafanye watakalo.

Yaliyofuata yanaelezwa kwa namna moja na waandishi wote wa vita hivyo. Watu walipigwa risasi majumbani na njiani. Wanawake walibakwa. Wengine walichukuliwa mateka na kupelekwa Uganda. Maelfu ya ng'ombe walivushwa mpaka, na pamoja nao magari, mabati, milango, vyombo vya ndani na kila kilichobebeka. Kiwanda cha sukari cha Kagera kiling'olewa mitambo. Tarehe 14 Novemba Amin alitangaza kwamba anayaondoa majeshi yake. Kabla ya mwezi huo kwisha askari wa Tanzania walikuwa wamejenga daraja la muda Kyaka na kuanza kuvuka, na walichokikuta ng'ambo ni vijiji vitupu na maiti.

Mauaji haya hayakuwa ajali ya mapambano. Hapakuwa na mapambano makubwa katika vijiji hivyo wakati watu walipouawa, kwa kuwa jeshi la Tanzania lilikuwa kusini mwa mto. Wala hayakuwa kisa cha askari wachache walevi, kwani yalienea eneo zima na yaliambatana na uporaji uliohitaji malori, muda na ruhusa ya wakubwa. Yalikuwa ni mauaji ya raia yaliyotendwa na jeshi lenye makamanda, wakati jeshi hilo likiwa limelishika eneo.

4.0 Nduli: Mtu Mmoja Badala ya Jeshi

Neno lililotawala Kiswahili cha Tanzania wakati wa vita hivyo ni *nduli*. Kamusi zinalieleza kuwa ni mtu katili, mwepesi wa kuua. Kabla ya 1978 halikuwa neno la kila siku. Vita vililitoa katika pembe za kamusi na kulifanya kama cheo. Magazetini na redioni, Amin hakuitwa tena kwa cheo cha urais wala cha kijeshi. Alikuwa Nduli Amin, kama vile Rais wa Tanzania alivyokuwa Mwalimu Nyerere. Vyeo hivyo viwili viliwekwa katika mizani moja: mmoja huua, mwingine hufundisha. Kwa propaganda ya vita, hakuna uteuzi wa maneno ambao ungefanikiwa zaidi.

Mafanikio hayo yana gharama. *Nduli* ni nomino inayomtaja mtu, na katika matumizi ya vita ilikuwa ya umoja daima. Majeshi yalitajwa kama mali yake: majeshi ya nduli, askari wa nduli, ndege za nduli. Kisarufi, mwenye kutenda ni Amin, na askari ni chombo. Muundo huohuo unaonekana katika hotuba ya tarehe 2 Novemba. Watanzania wengi wanaikumbuka kwa maneno matatu, yaani uwezo, sababu na nia. Wachache hutilia maanani kitenzi kinachoyafuata maneno hayo, *kumpiga*. Kiambishi cha mtendwa *-m-* ni cha mtu mmoja. Taifa zima liliingia vitani dhidi ya kiambishi hicho.

Kisiasa uteuzi huo ulikuwa wa busara. Uliwatenga Waganda na uovu wa mtawala wao, ukazuia chuki ya kikabila dhidi ya watu wa ng'ambo ya mpaka, na ukafungua njia ya kuivisha vita sura ya ukombozi. Katika eneo ambalo watu wa pande mbili ni ndugu, jambo hilo halikuwa dogo. Lakini kwa upande wa kumbukumbu ya mauaji, uteuzi huo uliwaficha watendaji. Aliyefyatua risasi Kasambya au Minziro hakuwa Amin. Alikuwa askari mwenye namba, chini ya ofisa mwenye cheo. Kosa lote lilipopewa mtu mmoja, kuanguka kwa mtu huyo kulionekana kuwa ndiyo hukumu. Amin alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, na akafa Jeddah tarehe 16 Agosti 2003 bila kufikishwa mbele ya mahakama yoyote.

Katika muundo wa kauli tatu za hotuba, raia waliouawa wana nafasi yao. Wamo ndani ya neno *sababu*. Hiyo ni nafasi yenye heshima, kwa kuwa taifa lilikubali kwamba vifo vyao vilitosha kuwa hoja ya vita. Lakini sababu, kwa asili yake, hutajwa mwanzoni na kuachwa nyuma mara kitendo kinapoanza. Vichwa vya vitabu viwili vilivyotajwa awali vinafuata mwendo huohuo. Kimoja kina *kuzama*, kingine kina *anguko*, na nomino zote mbili zinamilikiwa na Amin. Masimulizi yanayopangwa hivyo huwa na mwanzo Missenyi na mwisho Kampala, na raia wa Missenyi hubaki kuwa mlango ambao msimulizi anaupita.

5.0 Lugha Moja, Majeshi Mawili

Kuna jambo ambalo wanazuoni wa Kiswahili hawajalipa uzito unaostahili. Jeshi lililoua Missenyi lilikuwa jeshi la Kiswahili. Tangu enzi za kikosi cha King's African Rifles, Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini nchini Uganda, kikiwaunganisha askari waliotoka Kaskazini, Nile Magharibi na hata Sudan na Zaire. Katika Buganda lugha hiyo ilipingwa tangu miaka ya 1920, na Kabaka Daudi Chwa aliikataa waziwazi. Mwaka 1973 Amin aliitangaza kwa amri kuwa lugha ya taifa. Raia wengi wa Uganda walikutana na Kiswahili kwanza katika kizuizi cha barabarani, kikitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Kiswahili cha namna hiyo kina vitenzi vingi vya kuamrisha na maneno machache ya adabu, kwa kuwa hakikukusudiwa kwa mazungumzo.

Kwa Mtanzania wa mwaka 1978 hali ilikuwa tofauti kabisa. Kiswahili kilikuwa lugha ya shule ya msingi, ya kisomo cha watu wazima, ya mkutano wa kijiji na ya Azimio la Arusha. Kwa mtu wa Missenyi, ambaye nyumbani alizungumza Kihaya au Kiganda, Kiswahili kilikuwa lugha ya dola yake, na kwa matarajio ya siasa za wakati huo, lugha ya undugu. Askari wa Uganda walipoingia katika vijiji hivyo, lugha ya taifa lililompa raia huyo ulinzi ndiyo ilikuwa pia lugha ya jeshi lililomnyang'anya uhai. Dhana kwamba Kiswahili ni lugha ya umoja na utu, inayorudiwa mara kwa mara katika maandishi ya kitaaluma, haina budi kupimwa kwa mfano huu. Lugha haina utu wa asili. Hupewa utu au kunyang'anywa na wanaoitumia na taasisi zinazoieneza.

Miezi mitano baadaye Kiswahili kiliingia Kampala kwa mara nyingine na jeshi jingine. Askari wa Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda walioungana nao, waliuteka mji huo tarehe 11 Aprili 1979. Wenyeji waliwaita *wakombozi*, na katika vinywa vya Waganda neno hilo likavaa kiambishi cha Kiganda na kuwa *bakombozi*. Badiliko hilo dogo la umbo ni ushahidi mzuri wa kiisimujamii, kwa kuwa linaonyesha neno la Kiswahili lililopokelewa kwa hiari na watu walioikataa lugha hiyo kwa nusu karne. Hata hivyo, halikutosha kufuta kumbukumbu ya miaka ya nyuma. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 2005 ndipo Katiba ya Uganda ilipokitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mashaka juu ya lugha ya askari hayajaisha.

6.0 Mutukula, Januari 1979

Historia inayoishia kwenye uovu wa adui haijatimia. Januari 1979, baada ya kuwafukuza wavamizi, jeshi la Tanzania lilivuka mpaka na kuuteka mji wa Mutukula upande wa Uganda. Waandishi wa habari Tony Avirgan na Martha Honey, walioandamana na jeshi hilo na kuchapisha kitabu chao mwaka 1982, wameeleza kilichotokea. Askari waliokuwa wametoka kuona maiti za Missenyi waliubomoa mji huo kwa matingatinga, na raia waliokuwa wamebaki, miongoni mwao wazee wasioweza kukimbia, waliuawa. Nyerere alipopata habari alishtuka, na akaamuru kwamba tangu hapo raia wa Uganda na mali zao wasiguswe.

Amri hiyo inastahili kukumbukwa. Viongozi wengi wa vita hukana au hunyamaza. Kiongozi aliyeona kosa la jeshi lake na kulizuia lisirudiwe alifanya jambo la nadra. Lakini kuikumbuka amri pasipo kulikumbuka kosa lililoizaa ni kuikata habari nusu. Katika masimulizi ya Kiswahili yaliyozoeleka, Mutukula ni jina la ushindi wa kwanza katika ardhi ya adui. Neno *kisasi*, ambalo lingeeleza kilichotendeka, halina nafasi katika orodha ya uwezo, sababu na nia.

Ulinganisho huu haukusudiwi kuyaweka matukio mawili katika mizani moja. Ukubwa wa mauaji ya Missenyi, uporaji ulioandamana nayo na kutokuwepo kwa mkubwa yeyote aliyeyazuia vinayatenga na yale ya Mutukula. Kinachoyaunganisha ni hali ya waliokufa. Mzee aliyeuawa Mutukula kwa sababu hakuweza kukimbia ana hali moja na mzee wa Kakunyu aliyeuawa kwa sababu hiyohiyo. Wote wawili walikuwa na majina, na wote wawili wamebaki bila majina katika maandishi ya lugha iliyozungumzwa na waliowaua.

7.0 Majina na Idadi

Huko Kaboya, wilayani Muleba, upo uwanja wa makaburi ya askari wa Tanzania waliokufa katika vita hivyo, na mnara mweupe wenye majina yao. Ni mahali panapotunzwa kwa heshima, na ndivyo ipasavyo. Raia wa Missenyi hawana mnara wa kitaifa wenye majina yao. Tofauti hiyo si ngeni katika nchi hii. Katika Vita vya Maji Maji, mashujaa walionyongwa Songea mwaka 1906 wanatajwa kwa majina na kukumbukwa kila mwaka, ilhali makumi ya maelfu waliokufa kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala ni makadirio yanayotofautiana mno kutoka mwandishi mmoja hadi mwingine.

Fasihi ya Kiswahili imechangia tofauti hiyo. Utenzi wa vita, kuanzia ule wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya Wadachi na ule wa Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya Maji Maji, hupenda majina ya viongozi, ya mahali na ya wapiganaji. Kutaja jina katika utenzi ni kumpa mtu uhai wa pili. Lakini anayetajwa ni mwenye kutenda. Aliyekufa akiwa shambani mwake, bila kupigana wala kutamka neno la ushujaa, hana mahali katika utaratibu huo. Si kosa la mtunzi mmoja. Ni kanuni ya utanzu, na kanuni za tanzu ni miongoni mwa mambo ambayo wahakiki wana wajibu wa kuyahoji.

Mfano wa upande wa pili unatoka katika mto uleule. Mwaka 1994 Kagera ulibeba maiti za waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda hadi Ziwa Viktoria. Wavuvi na wanavijiji wa pwani ya Uganda waliziopoa na kuzizika. Leo makaburi ya Kasensero, Lambu na Ggolo yana takriban miili 11,000, na kila mahali pana hesabu yake: 2,875 Kasensero, 3,337 Lambu na 4,771 Ggolo. Wengi wa marehemu hao pia hawana majina, kwani mto uliwaleta wakiwa wageni. Lakini hesabu yao haiishii kwenye sufuri mbili. Ni hesabu ya watu walioopolewa na kuzikwa. Idadi ya 1,500 ni ya namna nyingine. Ni idadi ya mviringo, yenye manufaa kwa hotuba na kwa vitabu vya shule, na uviringo wake wenyewe unakiri kwamba hakuna aliyekwenda nyumba hadi nyumba kuuliza nani hayupo.

Jambo moja, hata hivyo, limeihifadhi kumbukumbu hiyo pasipo kukusudiwa. Mapigano mengi ya vita hivyo yalifanyika Uganda, huko Masaka, Lukaya, Entebbe na Kampala, na viliendelea kaskazini hadi Juni 1979. Lakini Watanzania hawakuviita Vita vya Uganda. Waliviita Vita vya Kagera. Mwaka uleule wa 1979 mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ulipewa jina la Kagera. Jina la zamani lilieleza dira tu, yaani upande wa ziwa kwa mtu anayelitazama kutoka mbali. Jina jipya ni la mto ambao kaskazini mwake raia waliuawa, na ambao daraja lake lilivunjwa wakiwa bado upande wa pili. Kila anayetamka jina la vita au la mkoa anataja mahali pa mauaji, ajue asijue.

8.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mauaji ya Missenyi hayakusahauliwa kwa kunyamaziwa. Yalitajwa tangu siku za kwanza, na yalitumika kulihamasisha taifa. Yalisahauliwa kwa namna ya kutajwa: kwa nomino ya umoja iliyobeba kosa la jeshi zima, kwa kiambishi cha mtendwa kilichogeuza vita kuwa pambano na mtu mmoja, kwa utanzu unaompa jina mpiganaji na kumnyima mkulima, na kwa idadi iliyoviringishwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa uongo. Kila kimoja kilikuwa na kazi yake wakati wa vita na kiliifanya vizuri. Lakini lugha iliyofaa kushinda vita si lazima iwe lugha inayofaa kuwakumbuka waliokufa.

Kazi iliyobaki ni ya utafiti wa uwandani, na haiwezi kungoja. Aliyekuwa na umri wa miaka 15 mwaka 1978 sasa amepita 60. Ushahidi wake huenda hauko katika Kiswahili. Uko katika Kihaya, Kiganda au Kinyambo, katika majina ya watoto waliopewa kuwakumbuka jamaa, katika majina ya mashamba yaliyobaki bila wenyewe, na katika namna familia zinavyotaja mwaka huo. Idara za Kiswahili na isimu zina wanafunzi wa uzamili wanaotoka katika wilaya ya Missenyi na vijiji vya pwani ya ziwa, wenye lugha hizo na wenye ndugu huko. Wanaweza kuorodhesha majina kijiji kwa kijiji, pande zote mbili za mpaka, Mutukula ikiwamo.

Orodha hiyo haitabadilisha historia ya kijeshi ya vita hivyo, wala haitampunguzia heshima askari aliyelala Kaboya. Itafanya jambo moja tu. Itaondoa sufuri mbili mwishoni mwa idadi inayonukuliwa, na mahali pake itaweka watu.